Kazi yangu ni kuseti mifumo ya biashara (ERP) na AI imeanza kuifanya. Nibaki, nihame au nirudi shule?

Kijana wa Mifumo

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri wa dhati, hasa kwa mlio kwenye mifumo, uhasibu, na nyie wenye kampuni.

Nina miaka 27, nipo Dar es Salaam. Nilisoma IT, na tangu 2021 niko kwenye kampuni inayouza na kufunga ERP kwa wafanyabiashara wa kati: wasambazaji wa vyakula, maduka ya vifaa vya ujenzi, hospitali binafsi, shule. Zaidi ni Odoo, na kidogo Dynamics. Mimi siandiki programu. Nakaa na mteja, namsikiliza anavyofanya kazi, kisha naseti: orodha ya akaunti, viwango vya kodi, nani aidhinishe LPO (oda ya manunuzi) ya kiasi gani, stoo ziwe ngapi, mtunza stoo aone nini na asione nini. Halafu nafundisha watumiaji na kukaa nao mpaka wafunge mwezi wa kwanza.

Naipenda hii kazi. Kuna mama mmoja ana duka la jumla, alikuwa anakesha na madaftari kila mwisho wa mwezi, siku hizi anafunga hesabu kabla ya magharibi na anajua anamdai nani. Nikimkumbuka huyo mama najua kazi yangu ina maana.

Tatizo limeanza mwezi uliopita. Bosi alituita, akafungua toleo jipya lenye msaidizi wa AI, akaandika kwa maneno ya kawaida tu: LPO ya zaidi ya milioni 5 iende kwa meneja wa fedha, ya zaidi ya milioni 20 iende kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akiwa safarini ihamie kwa msaidizi wake. Ikajengeka pale pale tukiangalia. Mimi kazi hiyo pamoja na kuijaribu huwa inanichukua karibu siku nzima. Kisha akasema mikataba inayoisha Desemba ataitazama upya. Wangu umo.

Nimefikiria kuchukua mkopo SACCOS nisomee SAP, ERP ya kampuni kubwa, maana nasikia viwandani na migodini ndiko inakotumika. Au nijifunze Python niwe programa. Au nisome uhasibu hadi CPA, ambapo nyumbani wananiambia nitakuwa naanza moja. Nina mke na mtoto, na mdogo wangu yuko chuo, ada yake ni mimi. Sina pesa ya kubahatisha. Nawasilisha.

Bi Leja

Pole, mdogo wangu. Mimi ni mhasibu, nasimamia fedha kwenye kampuni ya usambazaji, kwa hiyo nakuandikia nikiwa upande wa mteja, yule anayelipa bili yenu.

Nikupe mfano wa kwetu. Tuliachia AI ituandalie kodi ya zuio ya 5% kwa watoa huduma, ile ambayo mlipaji anaikata na kuipeleka TRA. Fundi wa majokofu akaleta ankara ya 1,000,000, na VAT ya 18% ambayo ni 180,000, jumla 1,180,000. Mfumo ukakata 5% ya jumla yote, 59,000. Kodi ya zuio inakatwa kwenye thamani kabla ya VAT, kwa hiyo ilitakiwa 50,000, fundi alipwe 1,130,000 na cheti chake cha zuio. Ni 9,000 kwenye ankara moja. Sasa chukua wasafirishaji, walinzi, wafanya usafi na mafundi wote wa mwezi mzima, kila mmoja anapiga simu kwamba kapunjwa.

Kilichonitisha ni kwamba mfumo haukulalamika. Debiti na krediti zilikuwa sawasawa, ripoti imetoka safi kabisa. Aliyeona ni binti aliyekuja kutusetia mfumo. Alifungua ankara ya kwanza, akaangalia ile 59,000, akauliza imetoka wapi. Yule binti sikumlipa kwa kubonyeza. Nilimlipa kwa lile swali, na mwaka huu nimemuita tena.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uhasibu, na sikubaliani na wa nyumbani kwako kwamba unaanza moja. Umeshafunga mwezi na wateja wangapi? Umeona madeni mabovu, umeona stoo isiyolingana na leja. Wapo wanafunzi wa CPA ambao hayo wameyaona kwenye karatasi ya mtihani tu.

Msimbo Mtupu

Mkuu nenda Python, usisikilize habari za leja. Anayejua kuandika programu anaitumia hiyo AI kama kibarua wake. Asiyejua, AI inamtumia yeye.

Kijana wa Mifumo

Asante mkuu Msimbo Mtupu. Ila kinachonipa wasiwasi kwenye njia hiyo ni kwamba kuandika programu ndiko AI ilikoanza kuonyesha uwezo. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, maprograma wa ofisini kwetu ndio waliokuwa wa kwanza kuitumia. Nikianza leo kujifunza kitu ambacho tayari inakifanya vizuri, nitawafikia lini waliotangulia?

Mzee wa Kasma

Vijana, habari za jioni. Nimestaafu utumishi halmashauri, upande wa hazina. Niwape tuliyoyapitia, maana naona mnaongea kama jambo hili ni geni.

Sisi tulikuwa watu wa Epicor, mfumo wa zamani wa hesabu za halmashauri. Wapo wenzetu walioijua vizuri mno, anajua kila dirisha, ukikwama unamfuata yeye, na alikuwa anapewa heshima yake. Baadaye Serikali ikatengeneza mfumo wake, MUSE, na halmashauri zikahamia huko. Kwenye manunuzi nako TANePS ikaondoka, ikaja NeST mwaka 2023. Waliokuwa wanajua madirisha ya Epicor peke yake walirudi kuwa wanafunzi kama sisi wengine. Lakini aliyejua bajeti inajengwaje, kifungu gani kinabeba posho na kipi kinabeba mafuta, kwa nini huwezi kulipa kabla fedha haijaingia, huyo alihama na ujuzi wake kichwani. Mfumo mpya ulimsumbua wiki chache tu.

Mwanangu, jiulize hivi: siku wakikunyang'anya Odoo, utabaki unajua nini? Hicho utakachokitaja ndicho cha kukikuza. Kama jibu lako ni fupi, basi lirefushe kuanzia sasa, kabla ya huo mkopo.

Mwenye Kampuni Ndogo

Mimi naendesha kampuni ya kazi hiyo hiyo, na nitasema ukweli ambao bosi wako pengine hajausema.

Zamani mradi mmoja niliupangia mwandamizi mmoja na vijana kadhaa. Vijana waliingiza bidhaa, wakajenga idhini, wakatengeneza ripoti, wakaandika mwongozo wa watumiaji. Huko ndiko walikojifunzia. Sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika haraka kwa AI, na mteja amejua. Anakuja mezani ananiambia bei ya siku siitaki tena, nipe bei ya mradi mzima. Nimepunguza kuajiri wanaoanza, na hilo linaniumiza, kwa sababu sijui waandamizi wa kesho watatoka wapi kama hakuna anayepewa nafasi ya kujifunza. Anayekuambia hakuna kilichobadilika anakudanganya.

Kuhusu SAP. Ni kweli kuna kazi ya kuhama. SAP wametangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya ECC, mfumo wao wa zamani, yanaisha mwishoni mwa 2027, na anayelipia nyongeza anasogezwa hadi mwisho wa 2030. Kampuni nyingi duniani bado zinahamia S/4HANA, mfumo wao mpya. Lakini hapa kwetu wenye SAP ni wachache na ni wakubwa, na mara nyingi maamuzi ya mfumo yanafanyika makao makuu nje ya nchi, na wataalamu wanakuja nao. Cheti bila mradi hakitakupa kiti. Kama mwajiri wako atakulipia na kuna mradi unaokungoja, soma. Kwa mkopo wa SACCOS, ukiwa na ada ya mdogo wako mgongoni, mimi nasema hapana.

Siku hizi kwenye usaili siulizi menyu ziko wapi. Nauliza hivi: duka la vifaa vya ujenzi linanunua nondo kwa tani, linauza kwa kipande. Utaseti vipi? Jaribu kunijibu.

Kijana wa Mifumo

Mkuu hilo nimekutana nalo, nijibu.

Tani haiwezi kuwa na uwiano mmoja wa vipande kwa nondo zote. Nondo ya milimita 12, urefu mita 12, ina uzito wa karibu kilo 10.7, kwa hiyo tani moja inatoa vipande kama 94. Ya milimita 16 ni karibu kilo 19, vipande kama 53. Ukimwambia AI "tunanunua kwa tani tunauza kwa kipande" bila kusema unene, inaweza kukuwekea uwiano mmoja na stoo yote ikaharibika. Kila unene uwe bidhaa yake na kipimo chake.

Halafu hizo ni hesabu za kitabuni. Nondo zinaweza kuja nyembamba kidogo kuliko zilivyoandikwa, na tani ile ile ikatoa vipande vingi zaidi. Kwa hiyo mimi naseti mapokezi yafanyike kwa kuhesabu vipande getini, gharama ya tani igawanywe kwa vipande vilivyohesabiwa. Bila hivyo bei ya kipande kwenye mfumo haifanani na ya kweli, na mtunza stoo anaonekana ana ziada ambayo hajui imetoka wapi. Mtunza stoo mmoja aliwahi kushukiwa wizi kwa upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo, vipande vilipopungua. Nilikaa naye chini tukahesabu mzigo mpya mpaka ikaonekana ni uwiano mbaya.

Nyali254

Salaam kutoka Mombasa. Nimefuatilia, nami niongeze la huku Kenya, maana mimi naseti mifumo ya mishahara.

Tazama tulivyozunguka. Julai 2023 ushuru wa nyumba ukaanza kukatwa, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Januari 2024 mahakama ikausimamisha. Machi 2024 ukarudi kwa sheria mpya. Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya NHIF yakaondoka, ikaja SHIF ya asilimia 2.75. Mwisho wa Desemba 2024 sheria ikabadilika tena, SHIF na ushuru wa nyumba vikawa vinatolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE (kodi ya mshahara), na nafuu za kodi za awali za makato hayo zikafutwa. Katikati ya hayo NSSF nayo ilikuwa inapanda kila Februari.

Niliijaribu AI kwenye mshahara wa Januari 2025. Ilikokotoa vizuri sana, kwa sheria ya mwaka uliotangulia. Mfanyakazi angeona payslip yake iko sawa, ila PAYE ingekatwa zaidi ya inavyotakiwa. Niliposahihisha ikaomba radhi ikarekebisha. Lakini ni lazima awepo mtu anayejua kwamba kuna la kusahihisha, na huyo mtu ndiye anayepigiwa simu mshahara ukikosewa. Waajiri wangu hawajapunguza kunihitaji. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kuandika fomula imekwisha, na sasa siku yangu kubwa naitumia kusoma gazeti rasmi, kulinganisha payslip na kuongea na watu wa rasilimali watu.

Jambo jingine, ndugu yangu: usiweke majina na mishahara ya watu kwenye AI ya bure ya mtandaoni. Kwenu mna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na sisi tuna ya 2019. Jifunze hilo vizuri, kwa sababu kampuni nyingi hazijui zifanye nini na zitamtafuta anayejua.

Bi Leja

Kijana, hilo jibu lako la nondo nimelisoma mara mbili. Hapo kwenye kugawanya gharama kwa vipande vilivyopokelewa, ulikuwa unafanya uhasibu wa gharama, hata kama hukuuita hivyo.

Kwa upande wa NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa CPA: mitihani ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na unaweza kuchukua masomo machache kwa awamu huku unafanya kazi. Peleka shahada yako waikague wakuambie unaanzia ngazi gani, maana wa IT hapokelewi sawa na aliyesoma uhasibu. Anza na masomo ya uhasibu wa gharama na kodi, hata kama CPA yenyewe itachukua miaka. Hayo mawili utayatumia kazini wiki hiyo hiyo. Ada ya masomo mawili haikulazimishi mkopo.

Kijana wa Mifumo

Nimewasoma wote. Mzee wa Kasma, swali lako nimelijibu usiku kwenye karatasi: kodi za ankara, stoo za vifaa vya ujenzi na madawa, kufunga mwezi. Mishahara sijui vya kutosha. SAP naiacha kwa sasa. NBAA naenda wiki ijayo.

Swali moja limebaki. Desemba si mbali. Nimwendee bosi sasa hivi au nisubiri aseme yeye?

Mwenye Kampuni Ndogo

Nenda sasa, na usiende na ombi la huruma. Chukua mteja mmoja ambaye AI imemsetia mfumo, omba ruhusa ya kuukagua: kodi zote, vipimo vyote, ruhusa za watumiaji, nani anaweza kuidhinisha LPO aliyoiandika mwenyewe. Hiyo ya mwisho iangalie kwa makini, kwa sababu ule mtiririko bosi aliouonyesha, wenye msaidizi wa mkurugenzi, una tundu: msaidizi akiandika LPO ya milioni 25 mkurugenzi akiwa safarini, anajiidhinishia. Mpelekee kurasa mbili zenye uliyoyakuta na kila kosa lingemgharimu mteja kiasi gani. Mwambie hiyo ni huduma ambayo kampuni inaweza kuitoza, na wewe ndiye utakayeifanya. Kama hataki, hizo kurasa mbili nitumie mimi, zikiwa bila jina la mteja.

Kijana wa Mifumo

Hilo tundu la msaidizi sikuliona siku ile, wala hakuna aliyeliuliza pale ofisini. Naanza nalo kesho asubuhi.