Naombeni ushauri, farasi wa Ngong mnawasomaje?

Wadau habari zenu. Jumapili kukiwa na mbio huwa napitia Ngong Racecourse, ule uwanja wa mbio za farasi Nairobi, dau langu ni mia mbili mia tatu tu, lakini ile karatasi ya mbio bado inanichanganya. Juzi kuna farasi alikuwa na 4-3-2, yaani nafasi alizomaliza mbio zake tatu zilizopita, namba ya mwisho kulia si ndio mbio ya karibuni, nikasema huyu anapanda, kumbe hizo zote alikimbia mita 1200 na siku hiyo ilikuwa 1600 tena kaongezewa uzito, akaongoza hadi kona ya mwisho halafu pumzi zikakata, mia tatu yangu kwisha. Sasa nyinyi mnaanza na nini, umbali, uzito ama joki (mpanda farasi)? Na farasi akizungushwa kabla ya mbio ukaona shingo imelowa jasho, mnamuacha?