Naamka saa 10 kasoro robo usiku kwenda zamu ya asubuhi, usingizi wa mapema hauji. Naombeni ushauri

Nesi_Chanika
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi wodi ya wazazi hapa Dar. Naishi Chanika, kazini ni katikati ya jiji. Ripoti inapokewa saa 1:30 asubuhi, kwa hiyo saa 10 kasoro robo nimeshaamka, napika chai, napiga pasi sare za watoto, na saa 11 kasoro robo niko kituoni giza totoro. Ukichelewa nusu saa, foleni inakumaliza.

Jioni nafika nyumbani saa 11:30 nimechoka hoi. Najitupa kitandani hadi saa 1 usiku, naamka kupika. Saa 3 narudi kulala, macho makavu. Nageuka huku, nageuka kule, mpaka saa 5 na zaidi. Hesabuni wenyewe zinabaki saa ngapi.

Wiki iliyopita nilivuta dawa ya mama mmoja kwenye bomba la sindano, kipimo sicho. Mwenzangu akaniuliza, "Dada, umesoma faili vizuri?" Haikumfikia mgonjwa, namshukuru Mungu, lakini nilikwenda kulia chooni. Naogopa siku ambayo hatakuwepo wa kuniuliza.

Mama_Pacha
Pole sana mdogo wangu. Mimi nikiwa na zamu za alfajiri nameza nusu Piriton saa 2, nalala fofofo. Jaribu.

Mfamasia_Mtaani
Dada Mama Pacha, samahani, hapo nakataa. Piriton ni dawa ya mzio, usingizi ni athari yake tu, na nguvu yake haiishi usiku huohuo. Huyu ataingia wodini kichwa kizito, na kosa analoliogopa ndilo hilohilo.

Nesi, usingizi wako unauvunja mwenyewe jioni. Ukishalala saa nzima na nusu, njaa ya usingizi imepoa. Ni kama mtoto aliyekula maandazi saa 11, halafu unamtengea ugali saa 2.

Tabibu_Zamu
Mfamasia kagusa penyewe. Niongeze kuhusu saa ya mwili, yaani ratiba ya ndani inayouambia mwili lini ulale na lini uamke, maana hili lilinitesa miaka.

Zile saa mbili tatu kabla ya muda uliouzoea kulala, mwili huwa macho kweli kweli. Wewe umeuzoesha saa 5. Ukipanda kitandani saa 3 unapigana nao, na utashindwa. Usivute saa mbili kwa mpigo. Anza na saa 4:30, kisha rudisha robo saa kila baada ya siku mbili tatu.

Kinachoisogeza saa hiyo ni mwanga. Ukiamka washa taa zote. Jua likitoka, usibaki wodini hadi mchana, mapumziko ya chai nenda kanywee nje dakika kumi na tano. Jioni fanya kinyume: zima taa kali sebuleni, simu weka mbali na chandarua. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa 6 mchana, kwa sababu saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Siku ya mapumziko usilale hadi saa 3 asubuhi. Ongeza saa moja tu, la sivyo Jumatatu unaanza upya. Na kama unakoroma sana, au unaamka na kichwa kinauma hata ukilala vya kutosha, nenda kapimwe.

Baba_Nasra
Mke wangu ni nesi pia. Shemeji, nauliza kwa heshima: baba watoto yuko? Kwetu, pasi ya sare za wiki nzima napiga mimi Jumapili, na chai ya asubuhi napika mimi. Yeye akapata dakika arobaini za kulala. Mwanga na kahawa ni sawa, lakini dakika nyingine ziko mikononi mwa watu wa nyumbani.

Nesi_Chanika
Kaka Baba Nasra, yuko. Sikuwahi kumwomba. Nitaongea naye leo.

Nesi_Chanika (baada ya wiki tatu)
Nirudishe mrejesho wakuu. Mume wangu alinyamaza kidogo, akasema alidhani napenda kuandaa watoto mwenyewe. Sasa chai na sare ni zake, naamka saa 10:15. Usingizi wa jioni nimeuacha; nikipata siti kwenye daladala nasinzia kidogo na nimemwomba konda aniamshe. Wiki ya kwanza ilikuwa mateso, saa 1 usiku nilipika nikiwa nimeegemea ukuta. Sasa saa 3:15 nimelala. Ijumaa muziki wa jirani bado unanishinda.

Dawa zote navuta na mwenzangu akiwa pembeni, tunasomeana faili kwa sauti. Hilo sitaliacha hata usingizi ukitimia. Mama Pacha, wewe unaendeleaje na Piriton?

Mama_Pacha
Nimeiacha tangu Jumatatu. Silali vizuri bado, ila asubuhi naona mbele.