Naomba ushauri: babu alikuwa karani wa mudir Mambrui. Tuandike alimtumikia Sultani au Mwingereza?

MjukuuWaKarani
Assalaam alaykum, wakubwa kwa wadogo. Nimekuja na jambo la kifamilia lililoanza kama utani, na sasa ami yangu na shangazi hawapokeleani simu.

Babu mzaa baba alikuwa karani wa mudir (mkuu wa eneo dogo, chini ya liwali) huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, tangu vita vya kwanza vilipokwisha mpaka karibu na vita vya Hitler. Ametuachia kasha lenye barua za herufi za Kiarabu, stakabadhi za mshahara na daftari moja ambalo mchwa wameshalila pembeni. Idi ijayo ukoo mzima unakutana, nami nimepewa kazi ya kuandika kijitabu cha kurasa ishirini hivi. Sentensi ya kwanza tu imetushinda. Ami anataka tuandike "mtumishi wa Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja", kwa kuwa pwani ilikuwa ya Sultani na bendera yake nyekundu ilipepea Ngomeni, Mombasa. Shangazi anasema hizo ni ndoto za mchana: babu alikuwa karani wa Mzungu, na Bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kizungu, akipita alisimama kama wengine.

Nani ana haki? Na karatasi zenyewe nizifanyeje? Binamu mmoja anataka kuzipiga laminesheni. Mwingine ameanza kuuliza kama humo kashani hamna shamba letu.

Mzee wa Bandarini
Wa alaykum salaam, mwanangu. Kabla ya kuwapatanisha hao wawili, wasimulie habari ya kodi.

Desemba 1895 Sultani Hamid bin Thuwaini alikubaliana na Waingereza kwamba ukanda wa maili kumi, kuanzia mto Umba hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu na mji wa Kismayu, utawaliwe na wao lakini ubaki wake. Yeye mwenye nyumba, wao wapangaji. Kodi ilikuwa paundi 11,000 kwa mwaka. Juu yake zikaongezwa paundi 6,000, na hizi ndizo zinazonichekesha hadi leo. Wajerumani walipoichukua pwani ya Tanganyika walimlipa Sultani fidia, na paundi 200,000 za fedha hizo zikatumika kuiondoa ile Kampuni ya Kiingereza iliyoshindwa kuiendesha pwani yetu. Zile 6,000 ni riba ya asilimia 3 ya pesa zake mwenyewe! Mwenye nyumba alitoa fedha za kumtoa mpangaji wa kwanza ili wa pili aingie.

Mwaka 1920 bara ikafanywa Koloni ya Kenya, mali ya Mfalme George moja kwa moja, na sisi wa ukandani tukaitwa Himaya ya Kenya. Majina mawili, Gavana mmoja, naye yuko Nairobi. Liwali, mudir na kadhi waliachwa kama ulivyokuwa utawala wa Sultani, watu waone hakuna kilichobadilika, lakini kazi na mshahara vilitoka kwa Serikali. Mtazame Sir Ali bin Salim, Liwali wa Pwani: ni Mbusaidi, ukoo mmoja na Sultani, na bado alikuwa akipanda gari moshi kwenda kukaa katika Baraza la Kutunga Sheria la Gavana.

Kwa hiyo jina la ajira, ami yako hakukosea. Mfuko wa mshahara, shangazi amepata.

Mkunazini
Mzee umesema kweli, ila umeuacha upande wetu wa Unguja, na huko ndiko kwenye kisa.

Hadi 1913 mambo yetu yalishughulikiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya London, yaani kwenye makaratasi tulikuwa nchi ya watu yenye balozi wa Kiingereza. Halafu tukahamishiwa Wizara ya Makoloni, balozi akaondoka, akaja Mkaazi wa Kiingereza. Kazi yake ilikuwa kumshauri Sultani, na ushauri wenyewe haukuwa wa kukataa. Sasa nisikilizeni: hadi 1925 Mkaazi huyu alikuwa chini ya Gavana wa Nairobi, ambaye alipewa na cheo cha Kamishna Mkuu wa Unguja. Mpangaji ndiye aliyekuwa mkubwa wa wakili wa mwenye nyumba. Ukitaka kodi iongezwe, barua yako unaipitishia wapi?

Hata 1926 tulipopata Baraza la Kutunga Sheria, aliyekalia kiti cha mbele alikuwa Mkaazi. Seyyid Khalifa alibakia na mizinga na salamu zake. Simdharau, alipendwa sana, lakini babu yako hakupokea amri hata moja kutoka Forodhani kwa Sultani.

KahawaChungu
Basi andika: "alimtumikia mwenye nyumba kwa mshahara wa mpangaji." Imekwisha hiyo, leteni halua.

MjukuuWaKarani
@KahawaChungu nimecheka mpaka chai imenipalia. Ila ami ana ushahidi. Kwenye daftari babu ameandika mshahara rupia 40 kwa mwezi, kisha baada ya kurasa kadhaa zimekuwa shilingi 80. Ami anasema ni Sultani aliyewapandishia.

FundiKaratasi
Pole kwa ami, hakuna aliyepandishiwa. Mwaka 1920 huku bara na pwani rupia iliondolewa ikaja florini, na 1922 ikaja shilingi. Florini moja ilishika mahali pa rupia moja, nayo ni shilingi mbili. Rupia 40 ndizo shilingi 80. Kilichobadilika ni sarafu.

Na hapo babu amewajibu bila kujua. Unguja waliendelea na rupia hadi 1936. Kama mshahara wake ungekuwa unatoka kwenye hazina ya Sultani, daftari lisingeacha rupia mapema hivyo.

Kuhusu laminesheni: mzuie binamu, ikibidi umfiche kasha. Moto na plastiki vikishashika karatasi ya zamani hakuna kurudi nyuma. Selotepu vilevile usiiguse. Piga picha kila ukurasa mbele na nyuma, mchana kivulini, pamoja na bahasha, maana stempu husaidia kujua miaka: "Kenya na Uganda" ni 1922 na kuendelea, Tanganyika inaongezeka 1935. Usizipange upya kwa ukubwa. Zifuate mpangilio aliouacha babu, pengine alikuwa na sababu zake. Tarehe za Hijria ziandike kama zilivyo, na ya Kizungu pembeni. Ukitaka kumtafuta kwenye taarifa za mwaka za wilaya, nenda Nyaraka za Taifa Nairobi. Ya Sultani yako Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

mwana_kilifi
Naomba nami niseme, bila ugomvi.

Babu yangu mimi ni Mgiriama. Hakumjua Sultani, hakumjua Gavana. Alimjua karani. Karani ndiye aliyeandika nani amelipa kodi ya nyumba na nani hajalipa, na akishaandika kwa kalamu ile, hakuna Mgiriama aliyeweza kumwambia umekosea. Hapa mnabishana babu yenu alikuwa wa nani. Sisi tulijua tu kwamba hakuwa wetu.

Na yule binamu anayetafuta shamba aende pole pole. Kulikuwa na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ya ukandani: mwenye dai aje aandikishe. Waarabu na Waswahili wengi walipata hati. Ardhi ambayo haikuandikishwa ikawa ya Serikali, na wazee wetu wengi wakaamka wanaitwa maskwota penye makaburi ya baba zao. Kabla ya kudai ekari kwa karatasi ya 1925, aulize kwanza nani anailima leo.

Kijitabu kina kurasa ishirini. Moja muwape waliokuwa wakisimama upande wa pili wa meza.

Mzee wa Bandarini
@mwana_kilifi umenena. Marehemu baba alikuwa mpima ardhi, na hilo alilijua, ingawa hakulisema mezani.

MjukuuWaKarani
Nashukuruni nyote. @mwana_kilifi, ukurasa huo nitauandika, na ukikubali nitakutumia uusome kabla haujachapwa.

Jana usiku nimemsomea ami habari ya rupia. Alinyamaza, akaomba daftari, akahesabu mwenyewe kwa vidole, kisha akaniambia nizime taa alale. Asubuhi alimpigia shangazi. Sijui walisema nini, lakini walizungumza dakika arobaini.

Jambo moja limenishika. Kuna barua kutoka kwa jamaa wa Lamu, ya Mfungo Tatu (Dhulhija) 1343. Tumeweza kusoma Kismayu na Mtaliani, na neno linalofanana na "tumetolewa". Ndiyo mambo ya Jubaland?

Mkunazini
Ndiyo. Uingereza na Italia walitia saini London Julai 1924 kwamba Jubaland, nchi ya Kismayu, ipewe Italia, na makabidhiano yakafanyika 29 Juni 1925, ambayo inaangukia Mfungo Tatu huohuo. Ilikuwa shukrani kwa Italia kwa kupigana upande wao katika vita vya kwanza. Na Kismayu ndio ule mji wa kwenye mkataba wa 1895! Kama neno kweli ni "tumetolewa", barua hiyo ina thamani kuliko stakabadhi zote. Lisomeni tena, lisije likawa "tumeletewa".

MjukuuWaKarani
Ndiyo shida yetu. Mwalimu wa chuo cha Kurani hapa mtaani anasoma Kiarabu vizuri sana, lakini mwandiko wa Kiswahili wa mkono, usio na irabu, unampiga chenga. Kuna mtu huku Malindi au Mombasa aliyezoea barua za wazee? Ami amesema nauli na mahamri ni juu yake.