Naomba ushauri: viwavi hawa wa mndimu ni wa kipepeo yupi?

Wakuu, nina viwavi kwenye miche ya mndimu hapa Ujiji, Kigoma. Wadogo ni kahawia wenye baka jeupe mgongoni, utadhani kinyesi cha ndege. Wakubwa wamegeuka kijani, na mikanda ya kahawia ubavuni. Ukimgusa anachomoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, harufu kali. Kwa hiyo kwamba ni Papilio (kundi moja la vipepeo wakubwa) sina shaka.

Shida ni spishi. Papilio demodocus hana mkia, ni mweusi mwenye madoa ya manjano. Dume wa Papilio dardanus ana mkia, lakini majike wengi hawana, huiga vipepeo wenye sumu. Papilio nireus ana mkanda wa bluu. Wote hutaga kwenye jamii ya michungwa. Picha za Papilio machaon wa Ulaya hazinisaidii, kiwavi wake hula jamii ya karoti.

Je, kwa kiwavi wa kijani, alama ipi inawatenganisha kabla hajawa pupa? Nataka kumfuga kwenye ndoo iliyofunikwa chandarua, tawi likiwa ndani ya chupa ya maji, mdomo umezibwa pamba asizame. Majani yakinyauka anaacha kula, unyevu ukizidi anaoza. Dawa sitaki kupuliza, ila mche mdogo wanaupukutisha upesi sana.