Amplifaya niifunge wapi kwenye buti: mgongo wa kiti, juu ya boksi la sabufa au shimo la spea?

Msafiri88
Habari za leo wakuu. Nimepata amplifaya ya sabufa na Jumamosi nataka kuifunga mwenyewe. Kwenye buti naona sehemu tatu: mgongo wa kiti cha nyuma, juu ya boksi la sabufa, au ndani ya shimo la spea. Ipi inafaa? Naomba mawazo yenu kabla sijatoboa chochote.

FundiNyaya
Mkuu, gari gani? Amplifaya ni ya wati ngapi halisi, klasi D (isiyochemka sana) au AB (inayochemka zaidi)? Kiti kinakunjwa? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

BesiNzito
Mgongo wa kiti. Yangu ipo hapo mwaka wa nne sasa. Nilikata ubao wa milimita 12, nikauvika zulia la rangi ya buti, nikaukaza kwenye bati la kiti kwa skrubu fupi, amplifaya ikakaa juu ya ubao. Mapezi yake ya kupozea yamesimama wima, kwa hiyo joto linapanda na kuondoka. Buti lote linabaki kwa ajili ya mizigo.

MzeeWaRedio
Kiti kinachokunjwa kinavuta waya kila kikilala. Usipoacha waya wa ziada, siku moja utachomoka. Mimi nafunga pembeni, nyuma ya plastiki ya ukuta wa buti, juu ya tao la gurudumu. Haionekani, wala mzigo hauigongi. Ila acha nafasi ya sentimita 5 hivi kila upande, na toboa matundu ya hewa kwenye plastiki. Shimo la spea silipendi: maji yakipenya kwenye buti, huko ndiko yanakotuama.

Asha_K
Kaka Msafiri88, juu ya boksi usiweke, nakuomba. Yangu ilifungwa pale na fundi niliyemwamini. Miezi michache ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Baadaye sauti ikaanza kukatika nikipita kwenye matuta, kisha ikawa inakatika hata barabara ikiwa laini. Nikarudi kwa fundi, akabadilisha waya wa sauti. Wiki mbili, tatizo likarudi. Akasema sabufa imekufa, nikanunua nyingine. Tatizo likabaki palepale.

Usiku mmoja narudi nyumbani na watoto wamelala nyuma, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilisimama, nikawatoa watoto nje, nikafungua boneti na kuchomoa nguzo ya hasi ya betri kwa mikono inayotetemeka. Fundi mwingine alipofungua alikuta skrubu inayobana waya mkubwa wa umeme imelegea kwa mtikisiko wa boksi. Pale palipolegea palikuwa pamechemka mpaka plastiki ikayeyuka. Na fyuzi iliwekwa karibu na amplifaya peke yake. Kule kwenye betri hakukuwa na kitu. Waya ule ungechubuka popote njiani na kugusa bodi, hakuna ambacho kingekata umeme.

Kwa hiyo popote utakapoiweka, fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Hilo ndilo la kwanza kabisa.

BesiNzito
Pole sana dada. Ila kosa kubwa hapo ni la fyuzi na kutokaza vizuri. Wapo walioweka juu ya boksi kwa miaka bila shida.

Asha_K
Skrubu ilikazwa. Mtikisiko ndio ulioilegeza. Tena skrubu za amplifaya zikipenya hadi ndani ya boksi, hewa inavuja na besi inakuwa na mluzi.

Msafiri88
Samahanini kwa kuchelewa. Gari ni Toyota Prius, kizazi cha tatu. Amplifaya ni klasi D, wati 500, ya sabufa moja. Kiti kinakunjwa kwa vipande viwili.

FundiNyaya
Hilo ungelisema mwanzo ndugu yangu! Kwenye gari hilo betri kubwa ya mfumo wa hybrid (injini na mota ya umeme pamoja), yenye volti kama 200, iko nyuma ya kiti, chini ya sakafu ya buti. Usitoboe sakafu hata tundu moja. Ukiona waya wenye ganda la rangi ya chungwa, usiuguse. Halafu pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu linalovuta hewa ya kupoza betri hiyo. Usilizibe kwa ubao, zulia wala mzigo.

Habari njema ni kwamba betri ya volti 12 iko nyuma pia, kona ya kulia ya buti, kwa hiyo waya wako utakuwa mfupi. Wati 500 za klasi D zikipigwa hadi mwisho zinaweza kuvuta ampea 45 hivi. Usipige muziki mrefu bila taa ya READY (inayoonyesha mfumo wa gari umewashwa) kuwaka, betri ile ni ndogo.

BesiNzito
Basi mgongo wa kiti bado unashinda. Skrubu fupi, na waya wa hasi afunge kwenye bolti ya mkanda wa kiti. Mimi nilifanya hivyo.

Asha_K
Bolti ya mkanda inashikilia maisha ya mtu. Isiguswe.

MzeeWaRedio
Naungana na Asha. Tena bolti zile mara nyingi zina rangi au gundi kwenye nyuzi zake, umeme haupiti vizuri. Atumie sehemu ileile ambayo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, akwangue mpaka chuma king'ae. Waya wa hasi uwe na unene uleule wa waya wa chanya.

BesiNzito
Miaka minne, sijawahi kusikia kwenye spika mlio wowote wa hasi mbovu.

FundiNyaya
Mlio siyo hoja mkuu. Hoja ni ajali. Msafiri88, waya ulionao ni shaba tupu, au alumini iliyopakwa shaba, isiyopitisha umeme vizuri kama shaba?

Msafiri88
Ulikuja kwenye seti. Nitajuaje?

FundiNyaya
Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani.

Msafiri88
Nimekwangua sasa hivi, ndani ni nyeupe. Kwa umbali wa mita moja tu hautafaa?

BesiNzito
Unafaa, ni mfupi.

MzeeWaRedio
Labda uwe mnene hatua moja zaidi. Unene wake ni upi? Na hujatuambia bado, boksi la sabufa lina ukubwa gani?