Gemu huria kwa laptopu za zamani: Luanti, SuperTuxKart, Wesnoth au 0 A.D.?

Mwl_Korogwe
Wakuu, habari za jioni. Nina chumba cha kompyuta cha watoto wa mtaani kwetu. Laptopu ni ThinkPad X220 zilizostaafu ofisini, RAM GB 4, grafiki ni ile Intel HD 3000 ya ndani basi. Ipo na desktopu moja yenye nguvu kidogo. Windows 10 ilipokatiwa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025 niliweka Debian 13 (mfumo wa Linux) na Xfce, sura yake nyepesi, kote, zinakwenda vizuri tu. Sasa masomo yakiisha watoto wanataka gemu. Nataka za chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, wacheze pamoja kwa swichi na waya bila intaneti, maana bando linatoka mfukoni mwangu. Hizo nne nimezisikia zikisifiwa, na roho yangu iko kwa 0 A.D. Mnanishauri nini?

fundi_mkongwe
Mwalimu, 0 A.D., ile ya kujenga miji na majeshi ya kale, kwa mashine hizo sahau. Itafunguka, na dakika za mwanzo utaona nakutisha bure. Ngoja kila mtoto awe na askari mia na ushee. Kila askari lazima atafutiwe njia ya kupita, na mzigo mwingi unaangukia kiini kimoja cha prosesa. Mkicheza kwa mtandao, mechi nzima inafuata mwendo wa mashine iliyo dhaifu zaidi, kwa hiyo mmoja akikwama mmekwama wote. Na ndiyo kubwa kuliko zote nne kwenye kupakua.

SuperTuxKart, ile ya mbio za magari madogo, inataka OpenGL 3.3 (njia ambayo gemu huchorea picha kupitia grafiki), na HD 3000 kwenye Linux inaishia hapo hapo 3.3. Itacheza, ila shusha kiwango cha picha hadi chini kabisa. Watoto hawaangalii vivuli, wanaangalia nani katangulia. Tangu toleo 1.0 la 2019 inachezeka kwa mtandao, na ukiwa na padi, wanaweza kugawana kioo kimoja.

binti_wa_pwani
Fundi nakubaliana nawe nusu. Mwalimu, 0 A.D. iweke kwenye desktopu peke yake, wacheze kwa zamu dhidi ya kompyuta. Humo kuna ufalme wa Kush, wa kale huko Sudan ya leo. Mtoto anajenga piramidi na kuongoza jeshi la Malkia Amanirenas, yule wa Meroe aliyepigana na Warumi. Vitabu vingi vya shule vinampita mama huyo kimya kimya. Kwa hilo tu mimi naipa nafasi.

Wesnoth ni ya vita vya zamu kwa zamu, ipo tangu 2003, na X220 wala haitasikia uzito. Wawili wanaweza kukaa mashine moja wakipokezana. Kasoro yake ni maelezo mengi ya kusoma, wadogo watachoka. Wape wa sekondari.

kernel_ya_nairobi
Mwalimu, weka Luanti, mengine baadaye. Hii ndiyo iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi Oktoba 2024, kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yenye jina hilo usishangae. Luanti yenyewe ni injini ya gemu za kuchimba na kujenga, gemu unaongeza mwenyewe. Kwa watoto chukua Mineclonia au VoxeLibre. Pakua mara moja, kisha nakili folda ya gemu kwa flashi hadi ~/.minetest/games kwenye mashine itakayokuwa seva, yaani ile ambayo wengine wote wanajiunga nayo. Laptopu zinazojiunga hazihitaji hata hiyo nakala, vinavyotakiwa zinapewa na seva. Seva iwe ile desktopu, wengine waandike anwani yake ya IP na poti 30000. Picha ikisuasua, bonyeza alama ya kutoa ili upunguze umbali wa kuona. Tofauti utaiona papo hapo.

Na wakichoka kuchimba, wanaanza kuandika modi zao, yaani nyongeza za gemu, kwa lugha ya programu iitwayo Lua. Hapo umewafundisha programu bila wao kujua.

dogo_wa_pc
Kwani tabu yote ya nini? Si aweke Steam, lile duka la gemu, na Proton acheze gemu za kweli?

fundi_mkongwe
Dogo, Proton inaendesha gemu nyingi za Windows kwa kupitia Vulkan, njia nyingine ya kuchora picha, na HD 3000 haina Vulkan. Halafu Steam si huria, na mwenye uzi kaomba huria.

abiria_wa_reli
Mmeisahau OpenTTD! Treni, mabasi, meli, kampuni hadi 15 kwenye ramani moja. Tangu 2010 ina picha zake huria, huhitaji tena mafaili ya Transport Tycoon, gemu ya zamani inayoiiga. Ni nyepesi kuliko hizo zote mnazobishania.

Mwl_Korogwe
Shukrani sana wakuu. Naanza na Luanti na SuperTuxKart, OpenTTD nitaijaribu, na Amanirenas atakaa kwenye desktopu. Maswali mawili: nawezaje kupakua mara moja kwa mashine zote? Na wakubwa wakianza kubomoa nyumba za wadogo humo ndani?

fundi_mkongwe
La kwanza: weka apt-cacher-ng, programu ya kutunza vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye desktopu, kisha zielekeze laptopu kwake kwa poti 3142. Kifurushi kikishuka mara moja kinabaki pale, laptopu inayofuata inakichukua kwa waya. Au tumia flashi, lakini pakua kwa amri ya apt-get. Ukitumia apt ya kawaida, mafaili ya .deb, yaani vifurushi vyenyewe, yanafutwa baada ya kusakinisha.

kernel_ya_nairobi
La pili: kila mtoto awe na jina na nywila yake, usiwaache watumie jina moja. Halafu tafuta modi inayoitwa areas, unawagawia viwanja na asiye mwenyewe hachimbi. Akizidi utundu, andika /revoke, jina lake, kisha interact. Atazunguka kijiji chote akitazama tu, hawezi kugusa hata udongo. Ukimsamehe, /grant.