Brokoli yangu inachanua kabla ya kukomaa

Swali: Ndugu wakulima, brokoli niliyopanda nyuma ya nyumba hapa Morogoro inatoa maua ya manjano ilhali kichwa bado ni kidogo mno. Nifanye nini?

Jibu: Hilo ni joto, ndugu yangu. Brokoli hustawi zaidi kwenye nyuzijoto 15 hadi 20, ndiyo maana hupendwa na wakulima wa Lushoto na Limuru. Kwako wewe, sia mbegu mwezi Aprili ili vichwa vifunge Julai, kisha uvikate vitumba vikiwa vingali vimebana.

Jibu: Naongeza kwamba ukishakata using'oe shina, kwa kuwa machipukizi ya pembeni hutoa vichwa vidogo, ambavyo mimi navipenda kuliko kile kikubwa. Vipike kwa mvuke dakika 4, kisha uvikaange kidogo kwa kitunguu saumu. Bua nalo, likimenywa, huliwa.